Jinsi ya kufundisha sababu za ubeberu: anza na shehena ya meli

Ukimuuliza mwanafunzi kwa nini mataifa ya Ulaya yaligawana Afrika, atakutajia malighafi, masoko, dini na sifa ya taifa kwa mkupuo mmoja. Orodha anayo kichwani. Asichokijua ni sababu ipi ilikuwa na nguvu wapi, na kwangu hilo ndilo somo lenyewe.

Mimi huanza na Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Chora ubaoni safu tatu: walichosema, walichofanya, nani alifaidika. Ya kwanza ijaze kwa Mkataba wa Berlin wa 1885, makubaliano ya mataifa ya Ulaya kuhusu Afrika. Kifungu cha 1 kiliahidi biashara huru katika bonde la Kongo; cha 6 kiliahidi kuwalinda wenyeji, kuinua hali zao na kusaidia kukomesha utumwa. Visomwe kwa sauti, na usivikosoe mapema. Darasa lione kwanza jinsi ahadi zile zilivyovutia.

Kisha mlete Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1890 kazi yake ilimpeleka bandari ya Antwerp, Ubelgiji. Meli kutoka Kongo zilishusha mpira na pembe za ndovu tele. Zikirudi, zilibeba zaidi maofisa, bunduki na risasi. Bidhaa za biashara zilikuwa haba mno. Usitoe jibu. Uliza tu: waliovuna mpira ule walilipwa nini? Waache wajadiliane kwa makundi, na uvumilie ukimya ukitokea. Watafika wenyewe kwenye kazi ya kulazimishwa, kama Morel alivyofika. Sasa waambie kwamba tairi la upepo la Dunlop, linalotengenezwa kwa mpira, lilitokea 1888, nao wataanza kujaza safu ya tatu.

Usiishie hapo, maana Kongo peke yake itawafanya waone faida ya haraka kila mahali. Reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, iliyojengwa 1896 hadi 1901, iliigharimu Uingereza zaidi ya pauni milioni 5 huku mizigo ya kuilipia ikiwa bado haijaonekana. Tandaza ramani: Uganda, chanzo cha Nile, Misri iliyokaliwa na Waingereza tangu 1882, Mfereji wa Suez, India. Wafuate njia hiyo kwa kidole, na hoja ya kulinda njia ya kwenda India itaeleweka bila mhadhara.

Dini inahitaji uangalifu. Wanafunzi hupenda kuwatia wamisionari wote kapu moja na wakoloni, ilhali picha zilizofichua ukatili wa Kongo zilipigwa na mmisionari, Alice Seeley Harris. Baadhi yake zinaonyesha watu waliokatwa mikono. Mimi huwaonyesha wanafunzi wakubwa tu, baada ya kuwatahadharisha.

Zoezi langu la mwisho ni hili: kati ya faida, ulinzi wa njia na imani, ipi iliamua zaidi Kongo, na ipi Uganda? Anayetetea sababu moja kwa shehena za Antwerp mimi humpa alama nyingi kuliko anayetaja saba bila mfano hata mmoja.