Krismasi kwa Vijana: Waache Waisimulie Wenyewe

Vijana wa kanisa letu hapa Malindi wameisikia habari ya Bethlehemu tangu chekechea. Ukianza kuwahadithia, wanakumalizia sentensi. Kwa hiyo siwaandikii igizo la kukariri. Nawapa Biblia, daftari na simu ya kurekodi, na kazi ya kusimulia inakuwa yao. Anza Jumapili ya kwanza ya Majilio. Shule zimefungwa na majuma manne yanatosha.

Hatua ya 1: Tenganisha Luka na Mathayo

Bandika manila mbili ukutani. Kundi moja lisome Luka 2:1-20, jingine Mathayo 2:1-15, na kila kundi liandike kile tu kilichomo. Kisha uliza mamajusi walikuwa wangapi. Watasema watatu. Waambie wakuonyeshe mstari. Mathayo anataja zawadi tatu, idadi ya watu hataji, na anasema waliingia nyumbani. Punda wa kumbeba Mariamu naye hayumo. Waache wabishane, usikimbilie kuwapa jibu, maana hapo ndipo wanapoanza kusoma kweli.

Wakadirie na safari pia. Kutoka Nazareti hadi Bethlehemu ni zaidi ya kilomita 100, masafa yanayokaribia ya kutoka hapa hadi Mombasa. Mama mjamzito, kwa miguu, angechukua siku ngapi?

Hatua ya 2: Tafuteni watu wa kazi za usiku

Hatua hii naipenda kuliko zote. Habari njema iliwafikia kwanza watu waliokuwa kazini usiku, wakilinda kundi lao (Luka 2:8). Mji wetu una watu kama hao: askari wa mahoteli, wavuvi, wakunga wa zamu. Watume vijana wawili wawili, jioni kabla ya giza, pamoja na mtu mzima. Waamkie shikamoo, waeleze wametoka kanisa gani na sauti itatumika wapi, waombe ruhusa ndipo warekodi. Maswali mawili yanatosha: Usiku unaogopa nini? Ni habari gani ingekufanya uache lindo ukakimbia?

Wengi watakaowahoji ni Waislamu. Sura ya 19 ya Kurani inaitwa Maryam na inasimulia kuzaliwa kwa Isa, hivyo mazungumzo hayakosi pa kuanzia. Wafundishe vijana kusikiliza kwa adabu. Hawakutumwa kwenda kushindana.

Hatua ya 3: Tungeni utenzi

Pwani hii ni ya tenzi, basi tuutumie urithi huo. Ubeti una mistari minne, kila mmoja mizani 8. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na kina cha mwisho hakibadiliki utenzi mzima. Waonyeshe mfano:

Yusufu kafika mji,
hakumpata mwenyeji,
Mariamu ahitaji
pahali pa kupumua.

Wahesabu mizani kwa vidole. Kila kijana achague mtu mmoja wa hadithi, hata mwenye nyumba ya wageni iliyojaa, amtungie beti mbili. Anayetaka kutunga kwa Kigiriama na kupiga kayamba, mruhusu. Bibi yake atafurahi kuliko wote.

Hatua ya 4: Ibada ya mkesha

Dakika 20 zisizidi. Mmoja asome Luka 2:8, kisha ipigwe sauti ya askari au mvuvi, kisha utenzi, kisha usomaji uendelee hadi mstari wa 20. Jaribuni spika mapema, na muwe na betri ya akiba umeme ukikatika. Mavazi si lazima. Leso na kanzu za nyumbani zinatosha.

Wote waliorekodiwa waalikwe. Aliye zamu usiku huo, vijana wampelekee sahani ya pilau langoni, wamsikilizishe na sehemu yenye sauti yake.