Kutibu vidonda vya mchestinati kwa kuvu inayougua

Kabla hujashika msumeno, kagua kidonda cha mchestinati (mti wa chestnut). Wengi wakiona gome limebonyea na kupasuka, lina vidoti vya rangi ya chungwa, hukata tawi zima. Mimi hukwangua kwanza kwa kisu. Nikikuta chini ya gome utando wa rangi ya maziwa uliotanda kama upepeo, na tawi la juu limenyauka, najua Cryphonectria parasitica, kuvu inayoleta vidonda hivi, bado ni kali. Lakini kidonda kilichovimba, chenye makovu ya juujuu na gome hai chini yake, nakiacha. Hapo kuvu imeugua yenyewe. Kukata ni kutupa dawa ya bure.

Inaugua virusi viitwavyo CHV1. Mtafiti Antonio Biraghi aliona vidonda vikipona hivyo Italia katika miaka ya 1950, kisha Mfaransa Jean Grente akaonyesha kwamba kuvu dhaifu, yaani yenye virusi hivyo, huweza kuiambukiza ile kali. Ndiyo kazi tunayoifanya.

Sehemu ngumu ni kulinganisha. Virusi hupita pale nyuzi za kuvu mbili zinapoungana, nazo huungana vizuri zikiwa za kundi moja, yaani aina za kuvu hiyo zinazopatana. Maeneo mengi ya Ulaya yana makundi machache, na tiba imeshika. Mashariki ya Marekani yamejaa makundi, virusi hukwama njiani. Kwa hiyo chukua vipande vya gome kwenye kingo za vidonda kadhaa, maabara ipime kundi, ndipo uagize kuvu dhaifu inayolingana. Anayekuuzia bila kuuliza kundi, mkwepe.

Ikifika, toboa vishimo kuzunguka ukingo wa kidonda, pale gome bovu linapokutana na zima, kila baada ya sentimita 2 hivi, hadi ufikie mbao. Jaza kuvu, funika kwa utepe isikauke. Safisha kitobozi kwa spiriti kabla ya kuhamia kidonda kingine.

Huna kuvu dhaifu? Kandika udongo mbichi wa chini ya mti huohuo, upite kingo zote za kidonda, ufunge kwa plastiki kwa miezi michache. Vijidudu vya udongoni huishinda kuvu hii, ndiyo maana mizizi husalimika na kuchipua tena. Matope hayana jina la kifahari lakini nayaamini, ila hutibu kidonda ulichokifunga tu; kipya kikitokea juu, utapanda ngazi.

Msimu unaofuata, tazama ukingo. Gome jipya likijikunja kuziba jeraha, imeshika. Vidoti vya chungwa vikivuka vishimo vyako, rudisha sampuli maabara: huenda kidonda kina kundi jingine.