Namna ya Kutoa Taarifa ya Mabadiliko ya Matumizi ya Ofisi za Serikali

Taasisi ya serikali inapokusudia kuongeza, kupunguza au kuhama ofisi, chombo kinachosimamia majengo ya serikali kiarifiwe kwa maandishi mara tu uamuzi unapoidhinishwa, wala si baada ya samani kwisha kuondolewa, kwani taarifa iliyochelewa haiwezi tena kuzuia kodi ya pango isilipwe kwa vyumba vitupu.

Si kuhama peke yake kunakohitaji taarifa. Idara iliyogeuza chumba cha mikutano kuwa masijala, yaani chumba cha kutunzia majalada, iliyoipa taasisi nyingine sehemu ya ghorofa yake, au ambayo watumishi wake sasa hufanyia kazi nyumbani, nayo imebadili matumizi ingawa anwani ni ileile. Suala la masijala lisichukuliwe kuwa dogo: majalada yakirundikwa ni mazito mno, na sakafu iliyokadiriwa kubeba meza na viti huenda isihimili mzigo huo, hivyo maoni ya mhandisi yaambatishwe.

Eneo litajwe kwa mita za mraba, na ielezwe kama kipimo kinahusu vyumba vya kazi tu au kinajumuisha pia korido, ngazi na vyoo, maana namba zilizopatikana kwa vipimo tofauti hazilinganishiki na huweza kuonyesha upungufu ambao haupo. Idadi ya watumishi nayo ina mtego wake: ikama huonyesha nafasi zilizoidhinishwa, ilhali mahitaji ya ofisi hutegemea zaidi wanaofika kazini kwa kweli, kwa hiyo ni vyema namba zote mbili ziandikwe. Ramani ya ghorofa, yenye alama kwenye vyumba vinavyohusika, huokoa maelezo mengi.

Tarehe ndizo huzua mabishano. Siku watumishi wanayoondoka, siku funguo zinapokabidhiwa na siku mkataba unapokwisha zinaweza kupishana kwa miezi, na kwa kawaida deni la kodi hufuata mkataba, si kuondoka kwa watu. Kila tarehe iandikwe peke yake, pamoja na muda wa notisi uliomo mkatabani. Usomaji wa mita za umeme na maji uwekwe kwenye hati ya makabidhiano.

Mpango ukibadilika baada ya taarifa kuwasilishwa, iandikwe taarifa ya marekebisho inayotaja kumbukumbu namba ya ile ya kwanza, nayo ya kwanza ibaki jaladani bila kufutwa.