Somo: Kudhibiti hofu unapozamia na mtungi wa hewa

Somo hili ni la mtu aliyekwisha kufundishwa misingi ya uzamiaji, au aliye katikati ya mafunzo, lakini akifika mita tano moyo unamwenda mbio na hawazi kingine ila kurudi juu. Wengi wa namna hii huambiwa wajikaze. Kujikaza hakusaidii. Hofu ya chini ya maji mara nyingi huanzia kwenye pumzi, na pumzi haitii amri ya ujasiri. Hutulizwa kwa kufuata utaratibu.

Kwanza elewa kinachotokea

Ile kiu ya hewa haiji kwa sababu oksijeni imepungua. Huletwa na kaboni dioksidi inayojikusanya kwenye damu. Mwenye wasiwasi hupumua harakaharaka na juujuu. Pumzi fupi kama hiyo huishia kooni, kwenye mirija na ndani ya regulata (kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi), kisha anaivuta tena ileile iliyokwisha kutumika. Kaboni dioksidi inapanda, ubongo unadai hewa zaidi, mtu anaongeza kasi ya kupumua, na mambo yanazidi kuharibika.

Kina nacho huchangia. Kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji, kwenye mita 30 ni mara nne. Hewa inakuwa nzito kuvuta, na kila pumzi hula hewa zaidi ya mtungi. Ndiyo maana utamwona mtu anaashiria kwamba hapati hewa ilhali geji ya mtungi inasoma bar 150, yaani hewa ingali nyingi. Regulata yake ni nzima. Hajatoa pumzi ya zamani, kwa hiyo mpya haina pa kuingia.

Hatua ya 1: Ondoa vichochezi ukiwa nchi kavu

Suti inayobana shingo huleta hisia ya kukabwa, na ikiigandamiza mishipa ya shingoni inaweza hata kuleta kizunguzungu. Ibadilishe, usiivumilie. Miwani ipime bila mkanda: iweke usoni, vuta hewa kidogo kwa pua, ikishika bila kuanguka, inakufaa. Hakikisha hakuna nywele chini ya ukingo wake. Kisha pumua kwenye regulata mara kadhaa huku ukitazama geji. Sindano ikishuka kila unapovuta pumzi na kupanda ukiacha, valvu ya mtungi haijafunguliwa vizuri, na hilo ukiligundua kwenye mita 15 utapata hofu yenye sababu.

Hatua ya 2: Vizito

Hapa ndipo wazamiaji wengi wapya wanapoumia bila kujua. Vizito, yaani vyuma unavyovaa ili uweze kuzama, vikizidi, unalazimika kujaza hewa jaketi la kuelea ili usizame. Mwili unasimama wima, unapiga mapezi bila kupumzika, unachoka, unahema. Hofu inafuata tu nyuma.

Pima hivi: ingia kwenye maji usiyoweza kusimama, vifaa vyote mwilini, jaketi tupu. Vuta pumzi ya kawaida uishikilie, tulia wima bila kupiga mapezi. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uanze kuzama taratibu. Kipimo hiki ni sahihi mtungi ukiwa umebaki na bar 50 hivi. Ukipima na mtungi uliojaa, ongeza takriban kilo 2, kwa kuwa hewa itakayotumika katika mtungi wa lita 12, kutoka bar 200 hadi 50, ina uzito wa karibu kiasi hicho.

Hatua ya 3: Makubaliano na mwenza

Kubalianeni kina cha mwisho, bar za kugeukia (geji ikifika hapo mnarudi), na ishara. Kiganja kikitazama chini na kuyumbishwa maana yake kuna tatizo. Dole gumba juu ni kupanda, wala si kusema mambo ni mazuri. Na kanuni moja haina mjadala: yeyote anaweza kusitisha mbizi wakati wowote, bila kuulizwa sababu. Mwenza anayekejeli kanuni hiyo hafai kuzamia nawe.

Hatua ya 4: Tulia juu kabla ya kushuka

Jaza jaketi, weka regulata mdomoni, lala kifudifudi uso ukiwa majini. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita hadi nane. Usifunge koo katikati. Dakika mbili kwa kawaida zinatosha. Zikipita tano na bado unahema, usishuke.

Hatua ya 5: Shuka kwa kamba

Miguu itangulie, mkono mmoja ushike kamba ya kushukia. Fungua masikio (ziba pua na upulize kwa upole) takriban kila mita, kabla hayajauma. Yakiuma, panda mita moja ujaribu tena kwa upole; usilazimishe kamwe. Simama kwenye mita tatu, pumua mara tano, kisha endelea. Kamba humpa mtu alama ya juu na chini, jambo linalosaidia sana maji yakiwa na ukungu. Pasipokuwa na kamba, tazama mapovu yako: daima huelekea juu.

Hatua ya 6: Hofu ikikukuta chini

Simama, pumua, fikiri, tenda, kwa mpangilio huo. Acha kupiga mapezi. Shika kamba, au piga magoti mchangani pasipo na matumbawe. Toa pumzi ndefu, polepole, kama unayepuliza chai ya moto, mpaka uhisi tumbo limeingia ndani. Rudia mara tano. Baada ya hapo ndipo uangalie geji, kina na mwenza, na utoe ishara.

Ukiamua kupanda, panda na mwenza, mita zisizozidi 9 kwa dakika, ukipumua muda wote. Kuchomoka huku umeshikilia pumzi ndiko kunakoua: hewa hupanuka kadiri unavyopanda, na mapafu yaliyojaa yanaweza kupasuka hata kwa kupanda mita moja au mbili tu. Hewa ikiruhusu na hali ikiwa imetulia, simama dakika 3 kwenye mita 5. Ukifika juu, jaza jaketi kwanza, ukishindwa kuelea dondosha vizito, na usitoe regulata mdomoni mpaka unaelea vizuri.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, maji yakiingia kwenye miwani napaniki papo hapo. Nifanyeje?*

Pua ndiyo inayokutisha, si macho. Fanya mazoezi kwenye maji ya kufika kifuani, mkufunzi akiwepo. Anza kupumua kwa regulata bila miwani, uso majini, kwa dakika moja. Vuta kwa mdomo, toa kidogo kwa pua. Ukizoea, jaza miwani nusu, bonyeza ukingo wa juu, inua uso kidogo na utoe hewa kwa pua taratibu mpaka maji yaishe. Usiende kwenye kina kabla hujaweza kuirudia bila kuhema.

*Nikibanwa na kikohozi au kutapika, nitoe regulata?*

Hapana. Ishike mdomoni kwa mkono, kohoa au tapika humohumo, kisha bonyeza kitufe cha kusafisha kabla ya kuvuta pumzi. Ukiitoa, pumzi ya ghafla inayofuata itavuta maji.

*Dawa ya kutuliza kabla ya kuzamia inaruhusiwa?*

Usitumie bila ruhusa ya daktari anayeelewa uzamiaji. Dawa hizo hupunguza wepesi wa kufikiri, na kina kinapoongezeka naitrojeni nayo hulevya. Pombe ni vivyo hivyo.

*Mwenza wangu akipaniki?*

Macho yaliyotoka na mikono inayovua miwani au regulata ni dalili. Usimwendee kwa mbele, atakukamata. Akiwa bado anakutazama, mwonyeshe ishara ya kusimama na kupumua, kisha shika mkono au mkanda wa jaketi lake kwa ubavuni. Akianza kuchomoka, mpunguze kasi kwa kadiri usivyojihatarisha. Ninyi wawili mkiumia hakuna wa kuita msaada. Akiwa juu, kaa mbali kidogo, mwamuru kwa sauti ajaze jaketi na kudondosha vizito, na ukilazimika kumshika mfikie kwa nyuma.

*Nitajuaje kama ni hofu au ni ugonjwa?*

Hofu hupungua ukitulia na kutoa pumzi ndefu. Ukiwa umetulia kabisa na bado unakosa pumzi, unakohoa, kifua kinakoroma, au unatoa makohozi yenye povu au damu, huenda maji ya mwili yanajaa kwenye mapafu. Hali hii humpata hata mzamiaji mzoefu mwenye afya. Maliza mbizi mara moja kwa kupanda salama, toka majini, vua suti inayobana, kaa wima, pewa oksijeni na uende hospitali hata kama unajisikia nafuu. Usirudi majini mpaka daktari akuruhusu.