Vuta chakula cha usiku kije saa moja

"Dada, huyu mtoto uji hataki kabisa." Nikizunguka mitaa ya Pasua na Njoro hapa Moshi kwa kazi ya lishe, hilo ndilo lalamiko la kwanza nyumba nyingi. Nami huuliza: jana usiku mlikula saa ngapi? Saa tatu na nusu, wengine saa nne kasoro. Sasa mtoto aliyeshiba ugali saa nne, akaamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi basi la shule, njaa ya uji ataitoa wapi? Anaondoka na tumbo tupu, mapumziko anamaliza hela yake kwenye visheti na barafu, makande ya mchana anayadokoa tu, jioni anarudi mkali kama nyuki. Ndiyo maana kabla ya kumwambia mtu apike nini, nampangia saa.

Hatua ya 1: Andika saa, usibadilishe kitu

Chukua siku tatu za shule. Nyuma ya kalenda ya ukutani andika mtoto alikula usiku saa ngapi, alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, na katikati alitafuna nini. Kisha hesabu kurudi nyuma. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri anatakiwa saa mbili usiku awe ameshalala, na hapo nimempigia kiwango cha chini kabisa. Kwa hiyo sahani iwe mezani saa moja, au hata kabla.

Usitoke saa tatu na nusu hadi saa moja kwa siku moja, nyumba nzima itagoma. Vuta robo saa, kaa hapo siku mbili tatu, vuta nyingine. Wiki ya msiba au ya wageni chakula kitachelewa tena; wakiondoka, endelea ulipoishia.

Hatua ya 2: Kazi ya jikoni isingoje jioni

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chakula hakichelewi kwa uvivu wa mtu. Kinachelewa kwa sababu maharage makavu yanainjikwa saa kumi na mbili jioni.

Loweka maharage usiku kabla ya kulala. Kukicha, mwaga maji hayo, suuza, chemsha kwa maji mapya. Yataiva mapema, mkaa au gesi itapona, na tumbo la mtoto halitajaa gesi sana. Mwenye friji achemshe mengi Jumamosi baada ya kutoka soko la Mbuyuni, bila chumvi wala nazi, ayagawe kwenye vyombo vyenye mfuniko. Ya siku tatu yakae kwenye friji, yanayobaki yagandishwe. Jioni unakaanga kitunguu na nyanya tu. Huna friji? Usichemshe ya akiba, yatachacha. Siku ukiwepo nyumbani mchana pika maharage. Siku unayorudi jioni pika vinavyoiva upesi: mayai, dagaa, au choroko zilizolowekwa.

Mboga ya majani nayo ina ufundi wake. Mnafu nunua wenye majani machanga, na uuoshe kabla ya kukata. Ukikata kwanza ndipo uoshe, vitamini zinazoyeyuka zinakwenda na maji ya beseni. Watoto wanaukwepa kwa uchungu wake, basi anza na konzi moja ya mnafu kwa mbili za mchicha. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mnafu kwanza uive, mchicha uingie dakika za mwisho, malizia na maziwa kidogo. Wakizoea, punguza mchicha taratibu.

Hatua ya 3: Mpe kitu akitoka shule

Mtoto hawezi kungoja hadi saa moja usiku kwa maji matupu, na ukimnyima atapewa andazi kwa jirani. Mpe nusu parachichi na ndizi mbivu, au kikombe cha mtindi. Hivyo vinamshikilia bila kumshibisha. Kazi za shule zifanyike wakati huo huo, chakula kikiwa jikoni, maana daftari likisubiri baada ya kula, saa ya kulala imeshaharibika.

Hatua ya 4: Mezani kila mtu na kazi yake

Mzazi anaamua kinapikwa nini, kinaliwa saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua atakula kiasi gani, hata kama ni vijiko vitatu. Mgawanyo huu ni wa Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, nami nauona unafaa hata kwenye mkeka wa Kiboriloni. Maana yake hakuna "maliza sahani ndipo upate soda," na pia hakuna kumkaangia yeye peke yake chipsi kwa kuwa amekataa mnafu. Chakula kigeni mtoto anaweza kukihitaji mbele yake mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. Weka kidogo pembeni ya sahani, kaa kimya, wewe kula chako.

Simu na runinga zizimwe. Ukianza saa moja, taarifa ya habari ya saa mbili inawakuta mmeshanawa.

Chai isiwepo kwenye chakula cha maharage na mboga, kwani inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Weka chungwa badala yake. Vitamini C inafanya kinyume chake.

Hatua ya 5: Asubuhi mkabidhi baba

Baba anayefunga duka saa mbili usiku hatawahi chakula cha pamoja, na kumlaumu hakusaidii. Mfunikie chake, yeye achukue zamu ya uji. Mama naye apate muda wa kunywa wa kwake akiwa amekaa, si wima huku anafunga mtoto kamba za viatu.

Uji wenyewe uwe rahisi. Ule unga wa nafaka kumi unaosifiwa sokoni mimi siupendi, hasa wenye karanga ndani: ukikaa, karanga inachacha, na ikishaota ukungu inaweza kuwa na sumukuvu, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo, ikiwa kwenye mahindi, iliua watu Dodoma na Manyara. Chukua unga wa ulezi peke yake, au wa mahindi yasiyo na ukungu. Koroga kwa maji baridi kwanza usifanye mabonge, mimina kwenye maji yanayochemka, uchemke hadi uive. Tia maziwa, na kijiko cha karanga ulizochambua na kusaga mwenyewe wiki hiyo. Karanga iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu itupwe, kuku nao wasipewe.