Kuweka nyumba ya Boma Yangu rehani ulipe madeni: venye inafanyika, na wakati gani usijaribu

Juzi jirani amebisha saa mbili usiku na payslip imekunjwa mara nne. Kuifungua, ni makato tupu. Kuna loni ya benki, kuna ya sacco, kuna HELB, ule mkopo wa serikali wa masomo, na hapo hajanionyesha simu, juu kwa simu kuna apu tatu za mkopo na Fuliza, ile ya kukopa M-Pesa, imefika mwisho. Swali lake lilikuwa moja tu: si mimi niko na nyumba, siwezi nikaiweka benki nilipe hizi zote nibaki na deni moja? Mimi nimekaa dawati la mikopo kwenye sacco hapa Nakuru miaka tisa, na hili swali nalisikia kila wiki tangu watu waanze kupata nyumba za bei nafuu za serikali kupitia Boma Yangu, so wacha niandike mara moja.

Kabla ya hesabu yoyote toa ule mkataba uliosaini ukipewa nyumba. Watu wanaingia hizi nyumba kwa njia tatu, cash, mogeji ama TPS, ile ya kulipa kidogo kidogo kama kodi kwa miaka mingi hadi nyumba iwe yako. Kama uko TPS, stori yako inaishia hapa. Unaishi ndani, funguo ni zako, watoto wameshachora ukuta, lakini kwa karatasi wewe bado ni mpangaji anayenunua, na benki haiwezi kuandikisha rehani juu ya kitu ambacho hakijasajiliwa kwa jina lako. Jirani yangu alikuwa TPS. Dakika mbili na jibu likawa limepatikana, chai ikapoa hata hajainywa. Nitarudi kwake.

Kama ulilipa cash ama una mogeji, angalia kama lisi, yaani hati ya umiliki, ya unit yako imetoka. Nyumba za ghorofa zinasajiliwa unit kwa unit chini ya Sectional Properties Act ya 2020, na bila hiyo lisi wakili wa benki hana kitu cha kushika. Ati "niko na barua ya kupewa nyumba" haitoshi. Nenda ofisi ya ardhi ufanye search, uone jina ni la nani na kama kuna mtu mwingine ameandikwa hapo.

Halafu kuna vibali, hapa ndio watu wengi hukwama. Affordable Housing Act ya 2024 inasema mwenye kununua unit chini ya hiyo sheria hawezi kuuza nyumba wala maslahi yake ndani ya hiyo nyumba bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Benki ikichukua rehani inawaza siku utashindwa kulipa, itamuuzia nani na kwa ruhusa ya nani, kwa hivyo itataka hilo jambo limenyooka kwa maandishi kabla haijakusikiza. Mpe wakili wako mkataba, sio wakili wa benki, wako. Kibali cha pili ni cha nyumbani. Sheria ya ardhi ya 2012 inataka mume ama mke akubali kwa maandishi kama hiyo ndiyo nyumba mnayoishi, na usidhani utamzunguka, nimeona rehani zikifutwa kortini miaka baadaye juu mke hakuwahi kuona hiyo fomu.

Sasa madeni yenyewe. Chukua karatasi uandike kila deni, balansi ya kulimaliza leo (omba kwa maandishi, usikadirie), riba, na miezi iliyobaki. Ukimaliza utagundua sio kila deni linafaa kuingia kwa nyumba. HELB ya digrii inakula asilimia 4 kwa mwaka, sasa hiyo unaitoa kuipeleka kwa loni ya nyumba ya asilimia 13 kwa sababu gani? Loni ya sacco ya asilimia 1 kwa mwezi kwa balansi inayopungua pia iache ilipo.

Apu nazo zinauma lakini ni ndogo. Tuseme ziko 120,000 na unazizungusha kila mwezi kwa ada kama ile ya M-Shwari ya asilimia 7.5. Hiyo ni 9,000 kila mwezi na deni halijapungua hata shilingi. Ukichukua sacco 120,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi miaka miwili, unalipa karibu 5,650 kwa mwezi na linaisha. Hauhitaji nyumba kwa hilo, unahitaji wadhamini tu na kufuta hizo apu.

Loni ya benki? Chukua laki nane kwa asilimia 16, imebaki miaka minne. Unalipa kama 22,670 kwa mwezi, riba yote kama 288,000. Mwenye benki anakuambia njoo tuiweke kwa nyumba kwa asilimia 13, miaka 15, utalipa 10,120 tu. Hapo mtu anaona amepumua, anasaini. Kumbe riba imetoka 288,000 ikafika zaidi ya milioni moja na elfu ishirini. Ukisema sawa, basi niifanye miaka mitano, utalipa 18,200 kwa mwezi na riba 292,000, yaani riba ni ile ile tu na zaidi kidogo, na hapo bado hujalipa wakili wala valua, yule wa kukadiria bei ya nyumba. Kwa hivyo deni la namna hiyo, mimi huambia mtu aliache, ajibane tu.

Mahali hii kitu inafanya kazi ni deni kubwa lenye riba mbaya. Shemeji yangu wa Kisumu alikuwa na loni ya logbook, ile unaweka gari dhamana, 600,000 kwa asilimia 4 kwa mwezi, miezi 24. Alikuwa analipa 39,350 kila mwezi na akichelewa siku mbili anapigiwa simu ya kutishiwa gari. Tukaipeleka kwa nyumba, asilimia 13, miaka minne. Malipo yakashuka hadi 16,100 kwa mwezi na riba yote ikawa kama 173,000 badala ya 344,000. Miaka imeongezeka mara mbili na bado riba ni nusu. Sasa hapo hata mimi nilimwambia shemeji twende.

Ukishajua deni gani linaingia, anza na benki ama sacco iliyokupa mogeji ya kwanza, uombe kuongezewa juu ya ile loni, ile watu wanaita topapu. Ukihamia benki nyingine unaanza upya, valua mpya, wakili mpya, kufuta rehani ya zamani na kuandikisha mpya, na uangalie kama benki ya zamani inakutoza kwa kumaliza mapema. Ushuru wa stempu kwa rehani ni asilimia 0.1 ya mkopo, kwa 600,000 ni shilingi 600 tu, kitu kinachomaliza watu ni wakili na valua, na wote wawili benki ndiyo inakuchagulia kutoka kwa orodha yake lakini wewe ndio unalipa. Uliza bei zote kabla ya kusaini barua ya ofa.

Na hapa naomba usome pole pole. Kama mogeji yako imetoka kwa pesa za KMRC, ile kampuni inayokopesha benki na saccos ili wao wawape wananchi mogeji nafuu, pengine riba yako imefungwa chini ya asilimia 10. Usikubali mtu aivunje akuunganishie kila kitu kwa loni moja mpya ya riba ya kupanda na kushuka. Hizo pesa ni za nyumba, haziji tena kulipa logbook. Mwambie loni ya nyumba ibaki venye iko, hiyo ya madeni iwe kando, na muda wake wa kando, mfupi. Riba ya kupanda tumeiona, 2024 Benki Kuu ilikuwa imeweka kiwango chake cha riba asilimia 13 kabla ya kuanza kushusha Agosti, waulize wenye mogeji za kawaida walikula nini mwaka huo.

KRA, watu wa ushuru, pia. Riba ya mogeji inakupunguzia kodi, na tangu mwisho wa Desemba 2024 kiwango ni hadi 360,000 kwa mwaka, lakini ni riba ya pesa za kununua ama kuboresha nyumba unayoishi. Ile sehemu imelipa logbook haihesabiki, hii ni sababu nyingine ya kutenganisha hizo loni mbili, usije ukahangaika kuzigawa ukijaza ritani.

CRB, zile ofisi zinazoweka rekodi ya mikopo ya watu, chukua ripoti yako mapema, bure ni mara moja kwa mwaka kwa kila ofisi ya CRB, kama kuna apu ya 1,200 ulisahau 2021 imalize sasa. Na benki itaangalia kama baada ya makato yote unabaki na theluthi ya mshahara, hiyo ni Employment Act, sio roho mbaya ya afisa.

Pesa zikitoka zisipitie kwa akaunti yako. Andika kwa barua ya maombi kwamba benki imlipe mdai moja kwa moja, kila mmoja na akaunti yake. Kuna mwanachama wetu alipewa zote mkononi, akalipa madeni mawili, ya tatu ikawa pikipiki, na leo ana deni la nyumba na lile la zamani pia. Ukishalipiwa, fuatilia barua ya kumaliza deni kutoka kwa kila mdai, na logbook yenyewe irudi mkononi. Shemeji ilibidi aende mara tatu kuifuata yake.

Ukishindwa kulipa loni ya kawaida unaingia CRB, wadhamini wanakununia, akiba inakatwa. Ukishindwa hii, unapewa notisi ya miezi mitatu, ikipita notisi ya siku 40 ya kuuza, kisha dalali naye anakupa zake 45. Ukikaa kimya hiyo miezi yote ndio utasikia nyundo. Ukiona mwezi mmoja umeteleza nenda ofisini kabla hawajakuandikia, kupangiwa upya ni rahisi sana wakati bado hakuna faili kwa wakili.

Jirani naye tulimalizana hivi. HELB na sacco tukaziacha. Apu na Fuliza tulijumlisha zikafika 94,000, akajaza fomu ya loni ya sacco usiku huo huo mezani kwangu, wadhamini watatu, mmoja wao ni mimi. Loni ya benki anaendelea nayo. Akisimama kutoka akauliza TPS yake inaisha mwaka gani, tukafungua mkataba, 2049.