Kumtungia Utenzi Mpendwa Aliyefariki Akiwa Katika Safari ya Kupona

Mimi ni mshauri nasaha wa watu waliofiwa na mpendwa aliyekuwa akijinasua na uraibu, na kaka yangu mwenyewe nilimzika katika hali hiyohiyo. Msiba huu una uchungu wa pekee, kwa sababu humkuta mfiwa akiwa ameshaanza kuamini kwamba hatari imepita, kisha humwachia hatia isiyomwacha alale.

Hatua ya kwanza: ifahamu sababu kabla ya kushika kalamu. Mtu anapoacha heroini kwa wiki kadhaa, mwili wake hupoteza ustahimilivu uliokuwa umejengeka, hivyo kipimo kilekile alichokizoea zamani kinaweza kumuua. Ikiwa mpendwa wako alifariki hivyo, usiianze tungo yako kwa kujihukumu, wala usidhani kwamba siku alizokaa bila kutumia zilikuwa za uongo.

Hatua ya pili: orodhesha vitu vitano vyake vinavyoonekana au kusikika. "Alikuwa mwema" haitoshi. Andika jinsi alivyokunja mikono ya shati kabla ya kuosha vyombo.

Hatua ya tatu: chagua umbo. Ninapendekeza utenzi, ambao kila ubeti una mishororo minne ya mizani nane, yaani silabi nane. Mishororo mitatu ya mwanzo hushirikiana kina, na wa nne hubeba kina kinachorudi katika beti zote. Hesabu silabi kwa vidole. Ubeti wangu wa kwanza ulikuwa huu:

Kikombe chako ki pale,
Juu ya meza ya kale,
Siku zako mia zile
Ninazihesabu mimi.

Kina cha "-le" kilinichukua karibu saa nzima, na katika saa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nililia bila kujiuliza ningefanya nini ili nimwokoe. Kazi ya kuhesabu huishughulisha ile sehemu ya akili inayotafuta wa kumlaumu, nayo huzuni ikapata nafasi ya kupita.

Hatua ya nne: tunga ubeti wa siku aliporudia kutumia. Hapa ndipo wengi hukwama, na wapo wanaouruka kwa kuona aibu ya jamaa. Nakusihi usiuruke, kwani tungo inayomficha nusu ya mtu humwacha mfiwa akiomboleza mtu asiyemfahamu. Mwambie marehemu jambo hilo kwa nafsi ya pili, "ulirudi", "ulinyamaza", badala ya kumsimulia kama mtu wa mbali. Baada ya ubeti huo, weka mwingine kuhusu siku aliyokuwa mzima, ili kifo kisipewe neno la mwisho.

Hatua ya tano: isome kwa sauti mbele ya mtu mmoja unayemwamini, naye asikosoe vina. Sauti ikikatika, nyamaza, kisha rudia mshororo huohuo tangu mwanzo.

Ikiwa wewe pia uko katika safari ya kupona, usitunge ukiwa peke yako usiku. Mjulishe kwanza mtu anayekusindikiza. Mistari ikianza kukuvuta kwenye hamu ya kutumia au ya kujidhuru, funga daftari na utafute msaada siku hiyohiyo. Utenzi utakusubiri; wangu ulikaa miezi minne ukiwa na beti tatu tu.